Mwalimu wa Sayansikimu na Maiti za Kale

Siku nilipokiona kitabu chake kwa mara ya kwanza nilishtuka hata nikasahau kilichonipeleka. Nilikuwa nimekwenda kwake Kiseke kuchukua vitambaa vya altare, maana yeye ndiye aliyevifua na kuvipiga pasi. Alinipa kiti, akaingia ndani kuvileta. Pale mezani, kando ya Biblia na rozari yake, kulikuwa na kitabu chenye picha ya mtu amelala chali juu ya mawe, jambia limesimama kifuani, damu imechorwa kwa rangi nyekundu isiyo na haya. Nyuma yake minara, na watu wamevaa majoho ya Ulaya ya zamani sana.

Aliporudi akanikuta nimekodoa macho.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Hiyo ni maiti, Katekista."

"Naona ni maiti. Inafanya nini mezani pako?"

"Inangoja. Nimefika katikati, na bado hawajajua nani kaiua."

Akanikabidhi vitambaa vyeupe vilivyonyooka kama karatasi, akaketi, akaanza kuzungumza habari za maua ya Pasaka.

Mimi nilikuwa katekista wa kigango chetu, na ndimi niliyeongoza sala za jumuiya. Yeye alikuwa mwalimu mstaafu wa Sayansikimu, lile somo la mapishi, ushonaji na usafi wa nyumba. Alikozaliwa na ukoo wake si habari tulizozungumza. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Aliishi peke yake katika nyumba ya bati iliyobanwa kati ya majabali mawili, na ua wake ulikuwa umekwisha fagiliwa kabla jua halijachomoza. Alikuwa mkali wa usafi kiasi kwamba siku moja, nyumbani kwangu mimi, alimrudishia mke wangu kikombe cha chai na kumwambia kwa upole, "Mama, hiki bado hakijaoshwa." Mke wangu alikiosha.

Hakuweza kuchinja kuku. Akipata wageni alimwita Fundi Baiskeli, jirani wa ua wa pili, amchinjie. Mwalimu mwenyewe alizunguka nyuma ya jabali akaimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti ya juu mpaka aitwe kwamba tayari. Lakini mwanamke huyo huyo angekueleza, huku akikoroga sukari, namna mwili wa mtu unavyokutwa ukiwa umetupwa kisimani baada ya kufa. Nilimwambia simwelewi.

"Kuku ninamwona," akanijibu. "Yule wa kisimani ana miaka mia nne."

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na chama cha ushirika peke yake sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye mzani. Dawa ya kupulizia pamba, ambayo zamani mkulima aligawiwa kwa utaratibu, sasa iliuzwa sokoni ndani ya chupa za soda. Maduka ya mjini Mwanza yalijaa, na marobota ya mitumba yakaja kwa malori. Ndani ya mitumba, pamoja na makoti ya baridi ambayo hakuna aliyeyahitaji, vilikuja vitabu. Mfanyabiashara mmoja alivitandaza juu ya turubai katikati ya viatu. Mwalimu alichutama hapo kila mwisho wa mwezi, akavichambua kama mtu anayechagua mchele. Alikuwa na masharti mawili tu: awe amekufa mtu, na iwe zamani.

"Wa juzi siwataki," aliniambia. "Wa juzi wana ndugu. Ukisoma unaona kama unatakiwa upeleke rambirambi."

"Kwa nini usisome maisha ya watakatifu?"

"Nayasoma asubuhi. Na hao nao wengi wao waliuawa, Katekista, ila humo muuaji anatajwa mwanzoni."

Nilikwenda kwa Paroko. Sikwenda kumsengenya. Nilifunzwa kwamba akili hukua kwa inachopewa, na niliihofia roho yake. Nikamweleza yote: jambia, damu, minara. Paroko alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na aliyeua ni nani?"

"Sijui, Baba. Sikukisoma."

"Basi muulize. Au afadhali uniletee kitabu chenyewe."

Nilitoka pale nimeduwaa. Kitabu kile kilikaa nyumba ya mapadri Kwaresima nzima.

Alhamisi zilianza hivi. Jumuiya yetu ilisali Alhamisi jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa, kwenye ua wa Mwalimu kwa sababu ndio uliokuwa safi. Siku moja, baada ya sala, mama mmoja akamwuliza anasoma nini siku zote. Akamsimulia. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lakini alivisimulia kwa Kiswahili chake cha darasani, taratibu, kila mtu anasikia. Alhamisi iliyofuata ua ulijaa watu ambao sikuwa nimewaona tangu Krismasi. Nikafurahi, nikamshukuru Mungu, mpaka nilipogundua kwamba Salamu Maria zimeanza kukimbia.

"Jamani," nikasema, "rozari haina mashindano."

Fundi Baiskeli akanijibu kutoka nyuma, "Mama Maria anatuelewa, Katekista. Kuna mtu amekufa tangu Alhamisi iliyopita na hajapata haki yake!"

Fundi huyo ndiye aliyekuwa msikilizaji mkuu. Mtu mfupi, mikono myeusi kwa grisi, mdomo haufungi. Hadithi ikifika tu mahali maiti imepatikana, yeye alikwisha jua. "Ni mke!"

Nakumbuka ile ya tajiri wa chumvi. Ulikuwa mji wa kale wenye ukuta, na tajiri akakutwa amekufa chumbani mwake asubuhi. Watumishi wote wakaapa kwamba walimsikia akitembea humo usiku. Akaja mwanamke mtengeneza mishumaa, ambaye kwa desturi ya mji ule alikuwa akirudishiwa vipande vilivyobaki avipike upya. Akaupokea mshumaa wa tajiri, akaupima kwa kidole, akasema: mshumaa huu haukuwashwa hata kidogo. Basi mtu huyu hakuuona usiku. Alikufa jua lingali linawaka, na mliyemsikia usiku hakuwa yeye, na mmoja wenu anadanganya.

Ua mzima ulishusha pumzi.

"Ni mke!" akasema Fundi.

"Fundi, kila Alhamisi ni mke," Mwalimu akamwambia. "Mkeo yuko hapa anakusikia."

Mkewe, mama mpole wa kabila la Wakerewe aliyekaa kwenye mkeka na binti zake, akainua kichwa. "Ninamsikia, Mwalimu. Ngoja afike nyumbani, mboga ya leo atajua mwenyewe ina nini."

Tulicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa. Nimeyaandika maneno hayo kwa sababu baadaye hakuna aliyeweza kuyasahau.

Wanaume walitaka kumjua muuaji. Wanawake walitaka kujua mengine: hao watu wa zamani walikula nini, nyama waliihifadhije bila barafu, maji walichota wapi, choo kilikuwa upande gani wa nyumba. Mwalimu alikuwa na majibu yote, na mara nyingi muuaji alipatikana humo humo, kwenye mtungi wa siki au shuka lililoanikwa siku isiyo ya kufulia. Alikuwa na maswali yake aliyoturudishia kila mara tulipotaka kuruka: "Nani alikuwepo? Nani hakuwepo? Na nani anasema alikuwepo?" Watu wa mtaani wakaanza kuulizana hivyo hivyo hata kuku akipotea.

Nilimwuliza siku moja watu wanafurahia nini katika vifo.

"Hawafurahii kifo," akasema. "Wewe umezika wangapi huku, Katekista?"

"Wengi. Mungu awarehemu."

"Na wangapi kati yao tuliuliza walikufaje? Tunasema Mungu kampenda zaidi, au tunanong'ona kuna mkono wa mtu, halafu tunakwenda kula. Humo vitabuni anaweza kufa hata ombaomba, na mtu mmoja akasimama akasema hapana, ngojeni kwanza. Hana polisi, hana hospitali, hana simu, maana ni zamani. Ana macho yake na anakumbuka alichokiona. Ninapenda kumtazama akifanya kazi. Na ninapenda kwamba hata nikimchukia mtu tangu mwanzo kwa uso wake mbaya, nikifika mwisho nakuta si yeye, inanibidi nimwombe radhi."

Nilikuwa nimesimama makaburini miaka mingi nikisema maneno mazuri, na ni kweli sikuwahi kuuliza.

Watu wakaanza kumwuliza: kwani kwetu hakuuawa mtu zamani? Mbona maiti zote ni Wazungu? Akasema atatafuta. Akawa anakwenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, akitazama vyungu, ngoma na zana za wazee, akiwauliza wahudumu wapagazi walibeba nini na kulala vipi. Akarudi na hadithi yake mwenyewe. Msafara wa pembe za ndovu, zamani za wapagazi, umepiga kambi kando ya ziwa. Kiongozi wa msafara anaandaliwa kitoweo cha samaki. Anakula, anashika tumbo, povu linamtoka mdomoni, anakufa kabla nyota hazijatoka. Wengine wote wamepona.

Hapo akafunga mdomo. "Alhamisi ijayo."

Watu walipiga kelele. Fundi akasema ni mke.

"Huyu hakuwa na mke safarini."

"Basi ni wewe, Mwalimu! Wewe ndiye uliyemuua!"

Tukatawanyika tukicheka. Jumamosi Fundi Baiskeli akafa.

Alikula chakula cha jioni nyumbani kwake, akashika tumbo, povu likamtoka mdomoni. Walipopata gari la kumkimbiza hospitali alikuwa amekwisha kata roho. Mkewe na binti zake hawakupatwa na kitu. Nilipofika pale na kumwona, nilirudi nyuma hatua moja. Si kifo tu. Nilikuwa nimekisikia kifo kile siku mbili kabla, neno kwa neno, nikiwa nimekaa kwenye mkeka na rozari mkononi. Nilitazama pembeni, nikaona kila uso unafikiri ninachofikiri.

Sasa sina budi kusema habari ya macho yake. Kiseke bado haikuwa na umeme. Mwalimu alisoma kwa koroboi, ile taa ndogo ya kopo na utambi, na moshi wake ulikuwa umemharibu macho miaka mingi. Yalikuwa mekundu daima. Watu wa kwetu wanajua macho mekundu ya mwanamke mzee yalimletea nini. Katika vijiji vingi bibi zetu waliopikia kuni na samadi maisha yao yote waliitwa wachawi kwa sababu ya wekundu huo, na wengine walikatwa mapanga. Hakuna aliyewahi kumfikiria Mwalimu hivyo. Alikuwa msomi, anavaa viatu. Lakini ilitosha wiki moja.

Mdogo wake marehemu alikuja kutoka Magu kwa mazishi. Hakumjua Mwalimu. Aliuliza ndugu yake alikufaje, watu wakamweleza habari ya hadithi. Akaenda kwa mganga. Akarudi na jibu: mwanamke anayeishi peke yake, macho mekundu, anaongea na karatasi. Alilisema hilo msibani mchana kweupe, na kwamba siku ya kuanua tanga, ndugu wote wakiwa wamefika, ataliweka wazi na litamalizwa. Hakuna aliyeuliza litamalizwa vipi.

Nilikimbilia kwa Mwalimu. Nilimkuta anapiga pasi vitambaa vya altare.

"Ondoka leo," nikamwambia. "Una dada yako Bujora. Nitakusindikiza."

"Nikiondoka leo nimekiri."

"Mwalimu, hiki si kitabu! Hawa watakuja kweli!"

"Najua, Katekista. Usipige kelele, utaniunguzia kitambaa." Lakini kitambaa chenyewe alikuwa akikirudia kwa mara ya tatu, na hilo lilinitisha kuliko maneno ya yule mtu wa Magu. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi, niliyeshinda msibani siku zote zile, sikuwa nimelifikiria. "Alikula nini?"

"Dagaa. Mkewe anasema walikula dagaa wote."

"Nani alikuwepo?"

"Mwalimu!"

Akaweka pasi chini, akajitanda khanga, akaenda msibani. Nilimfuata kwa hofu. Wanaume waliokaa nje walinyamaza alipopita. Aliingia moja kwa moja jikoni kusaidia kuosha vyombo, kama alivyofanya katika kila msiba, na hakuna mwanamke aliyethubutu kumfukuza. Alikaa humo saa nzima. Akatoka, akaniaga, akaenda zake.

Alichokiona alinieleza baadaye. Katika ukoo wa mke wa Fundi, wanawake hawali kamongo, yule samaki wa matopeni anayefanana na nyoka mnene. Mume akimtaka, anapikiwa, lakini katika chungu cha peke yake, na chungu hicho hakiingii jikoni. Hukaa nje, kimefunikwa kifudifudi ukutani. Mwalimu alikuwa amekiona hapo miaka yote. Siku ile hakikuwepo. Nyuma ya banda la kuni aliona vigae vyake, vipya, vimefunikwa majivu.

Basi Fundi hakula dagaa. Alikula kamongo, peke yake, na mkewe aliyempikia asichokula yeye alikuwa amevunja chungu na kunyamaza. Nilipoelezwa hayo nilielewa mara moja ni kwa nini. Mama yule alikumbuka mzaha wake wa mboga. Alijua mtaa mzima unaukumbuka.

Nadhani mtu mwingine yeyote angetoka jikoni mle akipaza sauti. Maisha yake yalikuwa hatarini, na uthibitisho uko mkononi. Mwalimu alirudi nyumbani akafikiri. Kesho yake akaungana na kina mama wa parokia wanaokwenda kuwaona wagonjwa hospitali, akapita kitanda hadi kitanda akiwauliza hali na walichokula. Sumu, alisema, mara chache huishia katika sahani moja. Akampata mwanamume mmoja mvuvi, amelazwa tangu usiku ule ule wa Jumamosi, tumbo na povu vile vile, aliyekula mkia wa kamongo. Alikuwa amepona kwa sababu alionja kidogo.

Kisha akaenda kwa mjane. Akamwambia: nimeona vigae. Sitamwambia mtu. Hospitali kuna mtu aliyekula samaki wa maji yale yale, na yu hai. Ukitaka kusema, una shahidi. Usipotaka, sitakutaja. Akaondoka.

Sijawahi kupata nafuu ya mshtuko wa jambo hilo. Aliyaweka maisha yake mikononi mwa mwanamke mwenye hofu, akaenda nyumbani kusali.

Siku ya kuanua tanga ua wa Fundi ulijaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali juu ya mawe. Nilisalisha. Mwalimu alikaa mbele kabisa, mikono mapajani, macho mekundu wazi kila mtu ayaone. Vijana wa upande wa Magu walisimama nyuma. Sikupenda namna walivyosimama. Mdogo wake marehemu akainuka.

"Ndugu zangu, kaka yangu hakufa kifo cha Mungu. Yuko mtu hapa aliyekitangaza kifo hiki kabla hakijafika. Asimame mwenyewe aseme alijuaje, au sisi tumsimamishe."

Mwalimu akaanza kunyanyuka. Kabla hajasimama sawasawa, mjane akasema, "Kaa chini, Mwalimu."

Akasimama yeye. Alikuwa mwembamba, amekonda kwa siku zile chache. "Shemeji, nisikilize. Kaka yako hakula dagaa. Alikula kamongo. Nilimpikia mimi, kwa mikono yangu, katika chungu chake. Sisi hatumli, na wewe unajua. Alipokufa nilivunja chungu kwa sababu niliogopa. Niliwahi kutania hapa kwa Mwalimu mbele ya watu kwamba mboga atajua ina nini." Akawatazama binti zake. "Sikumwekea kitu. Kuna mtu hospitali amelala kwa samaki huyo huyo. Nendeni mkamwone. Mkikuta ninadanganya, mimi niko hapa na watoto wangu. Siendi popote."

Yule mdogo wake marehemu alimtazama shemeji yake, akamtazama Mwalimu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hajui la kufanya. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya Amina, akauliza kwa sauti: "Chungu kilikuwa kinakaa nje, ukutani pale, sivyo? Mimi nilikiona hata Jumatano." Mwingine akasema, "Nami nilikiona." Na mama mmoja: "Samaki alimnunua wapi? Nani alimwona akinunua?" Wakaanza kuulizana, wote kwa pamoja, kama Alhamisi. Vijana wa nyuma wakabaki wanatazamana.

Tulikwenda hospitali, mimi, mdogo wake marehemu na wazee wawili. Tulimkuta yule mgonjwa, mtu wa makamo, midomo imekauka. Alisema ndiyo, alikula kamongo wa ile ghuba ya matete, Jumamosi. Watu walimwaga dawa ya pamba majini ili samaki waelee. Hakuweza kututazama usoni. Niliona ni ugonjwa. Mdogo wake marehemu akamshika mkono. "Pole, kaka," akasema. "Umetuokoa. Tulikuwa karibu kufanya jambo baya sana." Yule mtu akalia. Mimi nikaweka mkono juu ya paji lake nikamwombea, nikamshukuru Mungu kwa kutupatia shahidi.

Alhamisi zilirudi, lakini si mara moja. Watu walisali polepole na kwenda nyumbani. Baada ya miezi kadhaa binti mmoja wa marehemu ndiye aliyeuliza, na mama yake hakumkataza: yule kiongozi wa msafara, nani alimuua?

Mwalimu aliwaza kidogo. "Alipona," akasema. "Tulidhani amekufa. Alitapika sana, asubuhi akaamka akaomba uji."

Ni hadithi mbaya kuliko zote alizowahi kusimulia, na hakuna aliyelalamika.

Macho yalipomzidi alihamia Bujora kwa dada yake. Nilikwenda kumwona nilipokuwa nimekwisha kuwa mzee mwenyewe na kigango kimepata katekista mwingine. Nilimkuta ukumbini, amekonda, ua umefagiliwa. Vitabu vilikuwa rafuni, na aliniomba nimsomee. Kiingereza changu ni cha Biblia na barua za ofisi, lakini nilimsomea ukurasa mmoja na nusu, mpaka maiti ikapatikana bafuni. Akacheka kwa raha.

Nikamwambia jambo lililokuwa likinisumbua. Kwamba katika vitabu vyake vyote muuaji hutajwa mwishoni, na sisi hatukuwahi kumjua aliyemwaga dawa ile.

Aligeuza uso wake kwangu. "Ulimwombea, Katekista."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, na kitabu kikaniponyoka.

"Yule mgonjwa?"

"Aliniambia mwenyewe, siku ya kwanza, kabla sijauliza vizuri. Alimwaga dawa, akamuuzia Fundi kamongo mkubwa, mkia akala yeye. Hakujua inaua hivyo. Alipoanza kutapika aliwatupa waliobaki."

"Na ulinyamaza! Mbele ya watu wote, msibani! Jina moja tu na ungekuwa salama kabisa!"

"Na yeye? Uliwaona wale vijana walivyosimama. Wangemtoa kitandani."

Nilimkumbuka yule mtu wa Magu akimshika mkono muuaji wa ndugu yake na kumwita kaka, na mimi na mkono wangu kwenye paji.

"Nilimwambia akipona aende kwa mjane," Mwalimu akaendelea. "Alikuja kwangu kwanza, hawezi kutembea peke yake kwa woga. Nikamsindikiza. Akamweleza yote. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho. Akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha maji, akampa."

"Kikombe cha maji?"

"Ndiyo. Yule mtu akakitazama. Akamtazama mama. Akakishika kwa mikono miwili bila kukiinua. Alijua yuko ua wa nani, na nani kayachota."

"Akafanya nini?"

"Alikunywa. Yote. Akakiweka kikombe chini, akakaa anangoja. Mama naye akakaa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sikuweza kusogea, Katekista, kwa sababu na mimi sikujua. Tulikaa hivyo muda mrefu. Mwisho mama akainuka, akachukua kikombe chake, akamwambia, 'Ni maji tu. Nenda nyumbani.'"